Mayai Yaliyohukumiwa kwa Pua

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa nyuma wa shule ya sekondari. Kama umepita hapo asubuhi ukajibiwa salamu na wanaume wanne kwa mpigo bila hata mmoja kunyanyua macho, ndio sisi. Mwisho wa benchi, kulia, niko mimi na meza yangu ya gundi na misumari; ni fundi viatu, wananiita Soli. Kushoto ni kibanda cha Betri, anayefufua betri za magari ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Katikati wanakaa Profesa na Faili, ambao hawana kazi hapo ila hawakosi. Na mbele yetu sote ni jiko la Shangazi, birika la kahawa na beseni la mayai ya kuchemsha. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, lakini mwanamke aliyekunywesha kahawa miaka kumi na miwili, akakumenyea yai siku ambayo huna hamu hata ya kuongea, utamwita nani? Siku ninayoisimulia ilikuwa ya tatu tangu kijiwe kianze kunuka mayai viza.

Asubuhi hiyo Shangazi hakumimina kahawa kwanza. Alisimama mbele ya benchi, mikono ndani ya aproni.

Shangazi: Wanangu, mnaisikia?

Faili: Shangazi, hiyo hata waliozikwa wanaisikia.

Shangazi: Jana bwana afya amekuja. Anasema watu wamelalamika, mayai yangu yameoza. Amenipa mpaka leo saa nne. Nikimpelekea barua ya watu wa hapa, kwamba mayai yangu ni mazima, nabaki. Nisipopeleka, naondoa jiko na nisirudi. Sasa mimi nje ya pembe hii sina pengine. Na wanaonijua ni nyinyi. Niandikieni.

Ilikuwa saa mbili. Barua yenyewe ni mistari mitatu, na dakika tano zilitosha na za kukohoa zikabaki. Lakini mpe mtu wa kijiweni jambo dogo, atakurudishia likiwa na mkia na pembe.

Faili: Utaandikiwa. Lakini barua ya ofisini haiandikwi kienyeji. Lazima utangulie uchunguzi.

Niseme kidogo kuhusu Faili. Alikuwa tarishi miaka thelathini, akibeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Hakuwahi kufungua hata moja, ila uzito wake ulimwingia kichwani, na tangu astaafu anaongea kana kwamba kila sentensi inasubiri muhuri. Nywele zake ni nyeusi tititi. Umri wake tunaujua, kwa hiyo na nywele tunazijua.

Profesa: Uchunguzi wa nini? Harufu ni ya mayai. Anayeuza mayai ni Shangazi. Moja jumlisha moja.

Mimi: Profesa, mayai ya Shangazi tumekula miaka yote.

Profesa: Miaka yote hayakunuka. Sasa yananuka. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mimi: Hiyo inahusu nini hapa?

Profesa: Inahusu matumbo.

Profesa naye hakusoma popote. Alilinda geti la kiwanda cha chupa miaka kumi na mmoja, na wafanyakazi wakitoka kuvuta sigara walikuwa wanamweleza mambo ya ndani. Elimu yake yote aliipata kupitia nondo za geti. Kwa hiyo ni ya kweli, ila imeingia vipande vipande.

Shangazi alimimina kahawa, akatupa kila mmoja kikombe. Kikombe chake mwenyewe alikiacha kitupu. Nilikiona, nikakitazama, halafu nikanywa kahawa.

Hapo ndipo mlango wa kibanda ulipofunguka, Betri akatoka anakohoa, macho mekundu kama aliyemenya gunia la vitunguu. Na harufu ikatupiga usoni hata Faili akafunika kikombe kwa kiganja.

Profesa: Mmeona? Tumeyataja tu, mayai yamejibu.

Faili: Naandika: harufu huongezeka mayai yanapotajwa.

Betri: Mnaandika nini?

Nikamweleza. Betri akakaa, akamtazama Shangazi kwa huruma ya kweli. Ndicho kitu kinachoniuma mpaka leo, ilikuwa ya kweli.

Betri: Pole, Shangazi. Unajua kikulacho ki nguoni mwako. Pengine muuza mayai ndiye anayekuhujumu.

Shangazi: Mayai natoa kwa dada yangu.

Betri: Basi ndiyo hivyo hivyo. Nguoni.

Mimi: Betri, macho yana nini?

Betri: Mafua tu. Na kichwa kinagonga siku ya tatu hii. Lakini sijali, mwenzenu nina mzigo humo ndani. Mkikaa kimya nitawaambia.

Hakuna kijiwe duniani kilichowahi kushindwa kukaa kimya kwa dakika mbili za siri. Betri akaingia ndani, akarudi na kopo tupu la bati, ameliviringisha kwenye fulana. Karatasi ya ubavuni imeandikwa kwa mkono: Salfaidi ya chuma. Kwa matumizi ya maabara tu.

Betri: Niliokota hili nyuma ya shule, kando ya kabati walilolitoa nje siku walipokuwa wanapaka rangi stoo. Lilikuwa limejaa mawe meusi, mazito, yanameta kidogo. Nikajiuliza, mawe ya kawaida yanawekwa kwenye kopo la nini? Tena yanafungiwa kabatini na kufuli? Haya ni madini, bwana.

Faili: Naomba isiandikwe kwamba umeokota. Tuseme limejitokeza.

Betri: Nikayaweka kwenye kipimo changu.

Kipimo cha Betri tunakijua sote. Kila kitu asichokifahamu anakimwagia maji ya betri. Amewahi kuumbua mikufu mitatu ya bandia na pete moja ya uchumba, na huyo bwana harusi hajapita barabara hii tena. Mkufu ukichemka, bandia. Ukitulia, dhahabu. Hakipingiki.

Mimi: Na mawe?

Betri: Yanachemka vibaya sana! Mapovu kama sufuria ya maharagwe. Huo ni uchafu unatoka, Soli. Dhahabu imo katikati. Ndiyo maana kila asubuhi naongeza maji ya betri, nafunika ndoo kwa gunia, nafunga mlango. Siku mapovu yatakapoisha, kitakachobaki chini ni changu.

Profesa alichukua kopo, akalisogeza mbali na macho, akasoma. Uso wake ukapata heshima ambayo sijawahi kuiona hata misibani.

Profesa: Salfaidi ya chuma! Nyinyi hamjui mlichokaa nacho. Hiki ni chuma kimepikwa pamoja na salfa, ile ya unga wa manjano wanaonyunyizia mimea. Kiwandani kwetu, chupa za rangi ya kahawia, zile za dawa, unadhani zinapakwa rangi? Hapana. Chuma na salfa vinashikana humo humo ndani ya kioo kinachoyeyuka. Vinazuia jua lisiharibu dawa.

Betri: Kwa hiyo ni ya thamani?

Profesa: Thamani? Vyuma vigumu wanavitia salfa kidogo ili vikatike vizuri kwenye mashine. Maji ya viwandani yenye risasi na zebaki wanayapitisha kwenye hii kitu, inazidaka zile sumu. Kwenye rangi za vyungu imo. Hata dawa ya kutia nywele weusi, wengine wanaiweka humo.

Sote watatu tukageuka polepole kumtazama Faili. Faili akavaa kofia.

Faili: Turudi kwenye ajenda.

Mimi: Betri, usihangaike na mawe. Mwagia maji ya betri kichwa cha Faili, dhahabu imo humo.

Shangazi hakucheka. Alitazama jua juu ya ukuta wa shule.

Shangazi: Wanangu, saa tatu inaingia.

Faili: Vuta subira, Shangazi. Uchunguzi umefika pazuri.

Na kweli ulikuwa umefika, maana Profesa alikuwa ameinua kidole.

Profesa: Nimepata. Yai ukilichemsha kupita kiasi, kiini kinazungukwa na mduara wa kijani kama kijivu. Mmewahi kuuona?

Betri: Tunaula kila siku.

Profesa: Ule mduara ndio huu mzigo wa kopo! Salfaidi ya chuma. Ute una salfa, kiini kina chuma, moto ukizidi vinakutana mpakani. Niliambiwa na mkemia wa kiwanda kwa mdomo wake, anakula yai getini.

Mimi: Kwa hiyo?

Profesa: Kwa hiyo mayai na kopo ni ndugu wa tumbo moja. Ila kopo limetulia kabatini miaka yote, na mayai yanachemshwa hadharani. Soli, huyu mama hapiki. Huyu mama anaendesha kiwanda.

Faili: Bila kibali.

Betri: Subiri kwanza. Kama ni ndugu, basi hata kwenye mayai kuna dhahabu?

Profesa: Haba na haba hujaza kibaba.

Betri: Mama yangu! Tumekuwa tunaimeza miaka kumi na miwili!

Faili: Na tukiishaimeza inakwenda wapi?

Hilo hawakutaka kulifuata. Betri akainuka kwenda kuangalia mzigo, akafungua mlango, harufu ikaja tena mara mbili ya mwanzo. Profesa akajipepea kwa kopo. Hapo akaiona pete yake, pete ya fedha aliyoachiwa na babake, ambayo huisugua kila Ijumaa mpaka unajiona ndani yake. Ilikuwa nyeusi kama chungu.

Profesa: Jamani! Jana ilikuwa kahawia. Leo imekufa kabisa.

Faili: Hasadi.

Profesa: Hasadi gani inayopitia kwenye mayai? Andika: mayai ya mtuhumiwa yana nguvu ya kuua fedha.

Mtuhumiwa. Neno likatoka hivyo, likatua mezani kati ya vikombe, na hakuna aliyeliokota kulirudisha. Ningeweza mimi. Nilikuwa na misumari mdomoni, nikasema moyoni acha wamalize, wakimaliza wataandika lile lililoombwa. Huo ndio uwongo niliojidanganya nao.

Saa tatu na robo Shangazi akasogea tena. Sauti yake ilikuwa chini.

Shangazi: Niandikieni basi. Chochote.

Faili akalainisha karatasi kwenye paja. Aliandika akisoma kwa sauti, na sentensi moja moja alituangalia kama anayesubiri makofi. Lakini Shangazi aliposogea kuchochea moto, Faili alishusha sauti, kwa hiyo sehemu hii tuliisikia sisi peke yetu:

"Sisi wakazi wa eneo tajwa tumefanya uchunguzi wa kina. Imebainika kwamba harufu ipo. Imebainika kwamba mayai yapo. Imebainika kwamba vyote viwili vinapatikana sehemu moja. Kwa kuzingatia haki, kamati haikubali wala haikatai, ila haina ushahidi kwamba mayai ni mazima."

Mimi: Faili, hiyo ndiyo aliyoomba?

Faili: Ni barua yenye mizani. Haimwonei mtu.

Profesa: Nyani haoni kundule. Tukiandika tu kwamba ni mazima, watasema tunampendelea kwa sababu ya kahawa.

Betri: Na mimi sitaki watu wa ofisi waje kupekuapekua hapa wakati mzigo wangu haujaiva.

Akasaini. Profesa akasaini, kwa mkono wenye pete nyeusi. Faili akasaini mara mbili, moja kama mjumbe na moja kama katibu. Halafu karatasi ikanifikia mimi. Kalamu ilikuwa ya moto kutokana na vidole vyao. Nikasaini.

Faili aliikunja mara nne, akampa. Shangazi hakuifungua.

Mimi: Huisomi?

Shangazi: Nisome nini, mmeandika nyinyi? Niangalizieni birika.

Akavua aproni, akaivaa tena, akaondoka haraka kwa ile njia ya ofisi ya kata, barua kifuani. Tulimtazama mpaka alipokata kona. Profesa akajimiminia kahawa.

Haikupita nusu saa, geti la nyuma la shule likafunguliwa, akatoka mama mmoja wa makamo amevaa koti jeupe lenye madoa ya rangi ya ukutani. Anatembea huku ananusa, kichwa mbele, kama anayefuata uzi.

Faili: Karibu, mama. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mama: Ahsante. Mimi ni mtunza maabara wa hapo shuleni. Nani mwenye kibanda hiki?

Betri: Mimi. Betri yako imekufa?

Mama: Kuna kopo langu limepotea tangu tulipotoa vitu stoo. Na kuna harufu naisikia mpaka darasani. Humu ndani una nini?

Macho yake yakatua kwenye kopo, lililokuwa bado linampepea Profesa.

Mama: Mmeyafanya nini mawe yaliyokuwemo?

Betri: Nimeyapima. Kwa maji ya betri.

Yule mama hakupiga kelele. Alimshika Betri mkono, akamvuta mbali na mlango, akatuamuru sote tuhame, tukasimame upande ule upepo unakotokea. Alivuta pumzi, akaibana, akaingia, akasukuma mlango na dirisha wazi, akatoka mbio. Tukasimama barabarani kama kuku waliofukuzwa jikoni.

Mama: Maji ya betri ni tindikali. Ukiyamwagia haya mawe yanatoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayonuka yai viza. Kazi ya mawe haya maabarani ndiyo hiyo hiyo. Tunaitengeneza makusudi, kidogo sana, ndani ya kabati lenye feni ya kutoa hewa nje, wanafunzi waitumie kutambua madini yaliyomo kwenye maji. Wewe umeifanya kwa ndoo?

Betri: Ndoo ya lita ishirini.

Mama: Siku ngapi?

Betri: Tatu. Lakini leo siisikii sana. Nilidhani imepungua.

Mama: Haijapungua. Pua yako imechoka nayo. Ukifika hapo pa kutoisikia, ndipo inapokuua. Hayo macho, hicho kichwa kinachogonga, unadhani ni nini? Utakwenda zahanati sasa hivi, na humo ndani hakuna mtu kuingia mpaka nije na vifaa.

Betri akakaa chini, pale pale kwenye vumbi.

Betri: Kwa hiyo dhahabu hakuna?

Mama: Kuna chuma na salfa, kaka yangu. Kama ilivyoandikwa.

Profesa: Na pete yangu?

Mama: Ni gesi hiyo hiyo. Inageuza fedha kuwa nyeusi.

Profesa alijua habari za chupa, za vyuma, za maji ya viwandani, mpaka za kiini cha yai. Alikuwa amezijua kazi zote za hicho kitu isipokuwa ile moja iliyokuwa inafanyika hatua nne kutoka alipokaa. Nilitaka kumcheka. Nikakumbuka saini yangu, kicheko kikaishia kifuani.

Hapo tukamwona Shangazi anarudi. Hakuwa na haraka tena. Alifika, akazima moto wa jiko kwa maji, moshi ukapanda. Alikuwa ameshika barua yetu imefunguliwa, pembeni ina muhuri.

Shangazi: Bwana afya amenisomea. Amesoma na majina yenu, mmoja mmoja. Akaniuliza, hawa ndio watu wako? Nikasema ndio. Amesema nisilale na jiko hapa.

Yule mama wa maabara alimtazama Shangazi, akatazama beseni, akachukua barua akaisoma yote kwa utulivu. Kisha akatugeukia. Hakuwa mkali. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kujua tu kazi ilifanywaje.

Mama: Hapa mmesema uchunguzi wa kina. Mlipasua mayai mangapi?

Faili akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Profesa akaanza kuizungusha pete kidoleni. Mimi nilitazama beseni: mayai ishirini na kitu, yamepangwa, yamefunikwa kitambaa safi, tangu saa mbili yalikuwa mbele ya magoti yetu, na kulipasua moja hakuhitaji hata kunyanyuka. Niliona aibu, na sioni sababu ya kuipamba kwa neno jingine.

Shangazi: Niliwaomba barua kwa sababu mmekula kwangu miaka kumi na miwili. Sikujua mlikuwa mnakula bila kunijua.

Mama: Twende ofisini, dada. Nitamweleza bwana afya mimi mwenyewe.

Shangazi: Akikubali nirudi, nitafikiria kama nataka.

Alifunua kitambaa. Akatupitia pale barabarani, akampa kila mmoja yai, mkononi, kama alivyokuwa anatupa siku zote. Betri alipewa lake akiwa chini vumbini. Kisha akanyanyua birika, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye mtaro, akachukua beseni, wakaondoka wawili, koti jeupe na aproni.

Betri akainuka kwenda zahanati na yai lake; sisi watatu tulibaki tumesimama na mayai viganjani. Yalikuwa bado na joto. Upepo ulikuwa umeichukua harufu, na pale kijiweni hapakunuka chochote.

Faili: Sasa, nani anaanza kupasua?

Mpaka kengele ya mchana ya shule inagongwa, mayai yetu matatu yalikuwa bado mazima.